Kwa nini mizani yangu iliandika Kijapani

Ni muda tangu niandike hapa, kazi zimenibana kidogo. Leo sina programu ya kuwafundisha hatua kwa hatua. Nina kisa, na ndani ya kisa hicho mna historia ya kifaa ambacho wengi wenu mmekiona hata kama hamjui jina lake: ile skrini ndogo ya LCD yenye mistari miwili, herufi nyeusi juu ya kijani, au nyeupe juu ya samawati.

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni nikisomea sayansi ya tarakilishi. Mradi wangu ulikuwa mizani ya maziwa. Kwetu Kiambu wakulima hupeleka maziwa asubuhi, karani anapima, anaandika kitabuni, na mwisho wa mwezi mtu hulipwa kulingana na jumla ya kilo zake. Nikaona nitengeneze mizani yenye maikrokontrola, kihisi cha uzito na skrini ya LCD ya herufi 16 kwa mistari 2. Mstari wa kwanza nilitaka uandike neno "Mũrĩmi", yaani mkulima kwa Kikuyu, na nambari yake. Mstari wa pili ungeonyesha kilo.

Nilipowasha, mstari wa kwanza ulisema hivi: Mナゥrトゥmi.

Mstari wa pili ulikuwa na alama ya kuuliza mahali pa uzito: ? kg.

Nilidhani nimeuziwa skrini mbovu. Nikabadilisha, ya pili nayo ikaandika vilevile. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba skrini ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inafanya kile ilichoambiwa na watu waliokaa mezani Japani kabla sijazaliwa.

Kutoka karoti hadi kikokotoo

Tuanze na kioo chenyewe. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer, akifanya kazi Prague, alikuwa akichunguza kemikali aliyoitoa kwenye karoti. Aligundua jambo la ajabu: kemikali ile iliyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145.5 iligeuka uji wenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ikawa maji safi. Ule uji wa katikati ulitiririka kama kioevu lakini ulichezea mwanga kama fuwele. Mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann ndiye aliyeendelea kuuchunguza, na hapo ndipo lilipotoka jina la fuwele kioevu.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki la maabara tu. Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilitangaza skrini za fuwele kioevu zilizotokana na kazi ya George Heilmeier na wenzake. Mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Uswisi katika kampuni ya Hoffmann-La Roche, walivumbua njia ya kuisokota fuwele ili ifunge na kufungua mwanga kwa umeme kidogo sana. Huko Marekani James Fergason alikuwa amefikia wazo kama hilo. Mwaka 1973 Sharp ya Japani ilianza kuuza kikokotoo cha EL-805 chenye skrini ya LCD, na mwaka huohuo kundi la George Gray katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, likachapisha kemikali zilizodumu vizuri katika joto la kawaida la chumba.

Angalieni kitu kimoja hapo. Skrini hizi zilianza maisha yake sokoni kwenye vikokotoo na saa. Zilihitaji tarakimu 0 hadi 9 tu, na tarakimu huchorwa kwa vijiti saba. Herufi zilikuja baadaye, na ndipo swali gumu lilipozuka: herufi za nani?

Jedwali la Hitachi

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Hitachi ilitoa chipu iliyoitwa HD44780. Kazi yake ilikuwa moja: kupokea nambari kutoka kwa maikrokontrola na kuchora herufi kwenye LCD. Ukituma 65 inachora A, ukituma 66 inachora B. Kila herufi huchorwa kwa vitone 5 kwa upana na 8 kwa urefu. Chipu hiyo ilipendwa mno hata makampuni mengine yakatengeneza za kuiga, kama KS0066 ya Samsung na ST7066 ya Sitronix, zinazoelewa amri zilezile. Ndiyo maana leo ukinunua skrini ya bei nafuu mjini, hata kama haina chipu ya Hitachi ndani yake, bado inafuata tabia za Hitachi.

Sasa, chipu haijui herufi. Inajua jedwali. Jedwali hilo limechomwa kiwandani katika kumbukumbu isiyofutika, na kila nambari ina picha yake ya vitone. Nusu ya kwanza ya jedwali inafuata ASCII, orodha ya Wamarekani iliyotolewa mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1967. ASCII ina nafasi 128, na waliiandaa kwa mahitaji ya Kiingereza. Nusu ya pili Hitachi waliijaza kwa mahitaji ya nyumbani kwao.

Wajapani wana maandishi ya aina kadhaa. Kanji ni maelfu kwa maelfu na haziwezi kutosha kwenye vitone 5 kwa 8. Lakini katakana ni chache na mistari yake imenyooka, kwa hiyo inaweza kubanwa. Mwaka 1969 Japani ilikuwa tayari imetoa kiwango chake kinachoweka ASCII upande mmoja na alama 63 za katakana na vituo vyake upande wa pili, kuanzia nambari 161 hadi 223. Hitachi waliufuata mpango huo katika toleo la kawaida la chipu. Kilichobaki mwishoni wakakijaza alama za mafundi: Ω ya ohmu iko 244, π iko 247, na µ iko 228.

Ndiyo maana jedwali hilo lina mambo ya kuchekesha. Pale ASCII ilipoweka mkwaju wa nyuma, nambari 92, skrini inachora alama ya yeni ya Japani. Pale ASCII ilipoweka kiwimbi, nambari 126, skrini inachora mshale wa kwenda kulia. Na ile alama ya nyuzi joto ambayo kila mwanafunzi huitafuta akitengeneza kipimajoto, wengi huipata kwenye nambari 223. Lakini hiyo si alama ya nyuzi! Ni kiduara kidogo ambacho katika katakana hugeuza sauti "ha" kuwa "pa". Vipimajoto vingapi duniani vinaonyesha joto kwa kuazima kipande cha irabu na konsonanti za Kijapani bila mwenyewe kujua?

Kwa wateja wa Ulaya Hitachi walitoa toleo lingine lenye herufi za huko. Wateja wa Ulaya walikuwepo sokoni na sauti yao ilisikika. Sisi hatukuwepo.

Siri ya Mナゥrトゥmi

Sasa turudi kwenye mizani. Kiswahili chetu hakipati taabu na ASCII. Tangu tahajia ilipokuwa ikisanifishwa na ile kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, Kiswahili cha herufi za Kilatini hakihitaji alama yoyote juu ya herufi. Hata ng' ya ng'ombe inatumia ritifaa ambayo imo ndani ya ASCII. Kama tungebaki na maandishi ya Kiarabu waliyoyatumia washairi wa pwani kwa karne nyingi, ambayo herufi zake hubadilika umbo kulingana na mahali zilipo kwenye neno, hadithi ingekuwa nyingine kabisa.

Lakini Kikuyu, kama Kikamba na Kimeru, kina irabu saba, na mbili kati ya hizo huandikwa ĩ na ũ. Hilo si pambo. Neno Gĩkũyũ husomwa karibu na "Gekoyo". Ukiondoa viwimbi unabadilisha sauti, na mara nyingine unabadilisha neno.

Herufi hizo hazimo katika ASCII. Hazimo pia katika orodha ya Ulaya Magharibi ya Latin-1 ya mwaka 1987, ambayo ina ã, ñ na õ kwa ajili ya Wareno na Wahispania. Zilipata nafasi katika Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, njia ya kuandika Unicode ambapo herufi za ASCII huchukua baiti 1 na nyingine huchukua 2 au zaidi. Tarakilishi yangu huhifadhi programu kwa UTF-8. Hivyo nilipoandika ũ, kilichotumwa ni baiti mbili: 197 na 169. Nilipoandika ĩ, zilitumwa 196 na 169.

Skrini haijui UTF-8. Ilibuniwa kabla UTF-8 haijakuwepo. Ilipokea 197, ikafungua jedwali lake, ikakuta ナ. Ikapokea 169, ikakuta ゥ. Ikachora zote mbili na kuendelea na kazi. Basi hiyo ndiyo siri. Ukiona katakana mbilimbili kwenye LCD yako, usitupe skrini. Ni lugha mbili za karne moja zinazokutana bila mkalimani.

Nafasi nane

Hapa lazima niwashukuru wale mafundi wa Hitachi. Walijua hawawezi kumaliza herufi za dunia, kwa hiyo waliacha nafasi 8 tupu mwanzoni mwa jedwali, nambari 0 hadi 7. Nafasi hizo ziko katika kumbukumbu inayoandikika ya baiti 64, yaani baiti 8 kwa kila herufi, baiti moja kwa kila safu ya vitone. Unachora mwenyewe.

Nilichukua karatasi ya miraba na penseli. Herufi ũ ilitoka hivi, 1 ikiwa kitone cheusi:

01101
10010
00000
10001
10001
10011
01101
00000

Kwa nambari za kawaida ni 13, 18, 0, 17, 17, 19, 13, 0. Herufi ĩ ni 13, 18, 0, 12, 4, 4, 14, 0. Ukitumia Arduino, mradi ulioanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kazi hiyo hufanywa na amri createChar. Onyo moja tu: ukiiweka herufi yako kwenye nafasi 0 na kuiweka ndani ya neno katika lugha ya C, neno litakatika hapo, kwa sababu C huchukulia 0 kuwa mwisho wa neno. Tumia 8 badala yake. Chipu hurudia nafasi zilezile kuanzia 8 hadi 15.

Ukiongeza herufi kubwa Ũ na Ĩ unatumia nafasi 4, na nyingine 4 zinabaki. Siku neno Mũrĩmi lilipotokea sawasawa nilipiga picha kwa simu. Nilihisi kama nimepeleka kijiji chetu mahali ambapo hakikuwahi kufika.

Furaha hiyo haikudumu, maana bado kulikuwa na mstari wa pili.

Nambari si tarakimu

Ile alama ya kuuliza ilikuwa rahisi. Maikrokontrola yangu ilikuwa ATmega328, yenye kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32 tu. Ili kubana nafasi, maktaba yake ya C huacha nje sehemu ya printf inayoandika nambari zenye desimali, na ukiilazimisha inachapa "?". Nikaamua kufanya kama wanavyofanya wengi: nisitumie desimali kabisa. Kilo 4.35 nikaihifadhi kama 435. Wakati wa kuonyesha, nagawa kwa 100 napata 4, naandika nukta, kisha naandika baki, 35.

Nikajaribu kwa mfuko wa sukari na mfuko wa unga. Sawa. Nikaipeleka kijijini kwa majaribio ya wiki mbili, ikae karibu na mizani ya kawaida ya karani. Wakulima wachache walikubali kunisaidia, wa kwanza akiwa nyanya yangu. Nyanya ana daftari lake. Kila asubuhi aliandika alichokiona kwenye skrini.

Wiki mbili zilipoisha mashine ilitoa jumla ya kila mtu. Jumla ya nyanya kwenye mashine ilikuwa ndogo kuliko jumla ya daftari lake. Jirani yake naye vilevile. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Hii mashine ya kijana inatuibia."

Nami, badala ya kuangalia programu, nikamwambia nyanya kwamba labda macho yamemsumbua asubuhi na mapema. Hakujibu. Kesho yake aliniita, akaweka debe lake juu ya mizani ya karani. Sindano ikasimama juu kidogo tu ya 4. Akalihamishia kwenye mizani yangu. Skrini ikaandika 4.5.

"Mjukuu wangu," akasema, "macho yangu ni mabovu, lakini nne na nusu naijua."

Uzito ulikuwa 4.05. Programu ilihifadhi 405 sawasawa. Ikagawa, ikapata 4, na baki 5. Ikaandika 4, nukta, 5. Sifuri ya katikati ilikuwa imepotea. Siku nyingine 6.08 ilionyeshwa kama 6.8. Vipimo hivyo viwili pekee vinaleta tofauti ya kilo 1.17 kati ya daftari la nyanya na jumla ya mashine. Mifuko yangu ya sukari na unga haikuwahi kuwa na uzito wa namna hiyo, kwa hiyo sikuona kitu.

Historia ya sifuri iliyopotea

Kosa hili ni la zamani kuliko umeme. Kabla watu hawajapata sifuri, mahali patupu ndani ya nambari palikuwa hatari tupu. Mwaka 628 huko India Brahmagupta aliandika kanuni za hesabu za sifuri. Katika karne ya 9 al-Khwarizmi, akiwa Baghdad, aliandika juu ya hesabu za Kihindi. Waarabu waliita alama hiyo sifr, yaani kitu kitupu, na sisi tulilichukua neno lao moja kwa moja tukasema sifuri. Mwaka 1202 Fibonacci wa Pisa akazieneza tarakimu hizo Ulaya kwa kitabu chake. Kazi ya sifuri ni kulinda nafasi. Mimi nilikuwa nimemfukuza mlinzi.

Wabunifu wa tarakilishi nao walilijua tatizo. Kwenye ASCII tarakimu 0 haina nambari 0, ina 48, na 9 ina 57. Walizipanga hivyo makusudi ili biti nne za mwisho zilingane na thamani yenyewe. Kwa hiyo ukituma 5 tupu kwenye LCD huoni tano, unaona herufi yako ya kuchora iliyo nafasi ya 5. Lazima uongeze 48. Nambari ni thamani iliyo ndani ya mashine. Tarakimu ni picha, na mtu lazima aichore.

Mwaka 1957 kundi la John Backus wa IBM lilipotoa lugha ya Fortran, liliweka ndani yake amri ya FORMAT. Mwandishi wa programu alitaja nambari ichukue nafasi ngapi na desimali ngapi. Katika miaka ya 1970 lugha ya C, iliyozaliwa Bell Labs, ikawa na printf yenye uwezo kama huo. Dawa ya mizani yangu ilikuwemo humo muda wote: %d.%02d. Zile tarakimu 02 maana yake ni hii: andika nafasi mbili, na palipo patupu weka sifuri. Herufi mbili za programu.

Nilipokuwa narekebisha nilikuta kosa lingine lililojificha. LCD haifuti yenyewe. Ukiandika 100 kisha ukaandika 99 mahali palepale, sifuri ya zamani inabaki na msomaji anaona 990. Dawa ni ileile ya Fortran: ipe nambari upana usiobadilika, tuseme %3d, ili nafasi tupu ifute kilichobaki. Na kama kifaa chako hupima chini ya sifuri, angalia pia alama ya kutoa. Ukigawa -5 kwa 10 unapata 0, na 0 haina alama, kwa hiyo -0.5 haitaonyeshwa sawasawa. Mwenye friji ya chanjo hatakusamehe.

Nilirudi kijijini na mizani iliyorekebishwa. Nikamwomba nyanya msamaha mbele ya wale wenzake waliosikia nikimlaumu macho. Karani alipitia daftari lake mstari kwa mstari, akilinganisha na kitabu chake, na kila penye tofauti palikuwa na sifuri iliyopotea. Hakuna maziwa yaliyoibwa. Lakini kwa siku kadhaa watu waliamini yameibwa, na ushahidi waliokuwa nao ulikuwa skrini yangu.

Basi wasomaji wangu, mkitengeneza kifaa cha kuonyesha nambari kwa watu, kumbukeni kwamba skrini haijui lugha wala hesabu. Ina jedwali lililopangwa Japani na nafasi 8 tupu. Jaribuni 4.05 kabla ya 4.35. Jaribuni 99 baada ya 100. Na jina la mtu liandikeni kama anavyoliandika mwenyewe, nafasi zipo.

Nyanya bado anaandika kwenye daftari lake. Kwaherini kwa sasa.